Vikorombwezo Ndivyo Vinavyolambwa

Ndugu zangu wapenzi wa jiko, habari za jioni. Kabla sijasema mengi, niruhusuni nifanye kazi ndogo hapa mezani. Hiki kibakuli cha kwanza, hiki cha pili. Kila kimoja nakitia vijiko viwili vya unga wa haradali, ile ya mbegu za kahawia. Cha kushoto nakimiminia maji baridi. Cha kulia nakimiminia maji ya birika, yametoka kuchemka sasa hivi. Nakoroga hiki, nakoroga na hiki. Dada uliyekaa mbele, tafadhali nitunzie saa. Zikitimia dakika 15 unikatize, hata kama bado nina neno mdomoni.

Haya, tuviache hivyo.

Nimeombwa nizungumzie ubao wa nyama na jibini, huu ambao Wafaransa wameupa jina lao, sharkuteri. Ndani ya jina hilo mna maneno mawili: chair, yaani nyama, na cuit, yaani iliyopikwa. Katika karne ya 15 mafundi wa Paris waliitwa hivyo kwa kuwa waliuza nyama ya nguruwe iliyokwisha kupikwa. Leo sehemu kubwa ya kinachopangwa kwenye ubao hakijapata kuona moto: kimetiwa chumvi, kikatundikwa, kikakauka. Na wasiokula nguruwe wasiondoke. Bresaola ya Italia ni nyama ya ng'ombe, na wapo wanaopanga ubao wa jibini tupu ukapendeza vilevile. Nitakayoyasema yanawahusu wote.

Nyama yenyewe sitawafundisha kuitengeneza. Paja la nguruwe la Parma, Italia, hutundikwa zaidi ya mwaka ndipo likatwe. Jibini la Parmigiano Reggiano halipewi muhuri mpaka litimize angalau miezi 12. Kuna watu waliozeekea katika kazi hiyo, wana vyumba vyenye joto na unyevu uliopimwa, na wanajua kutumia chumvi ya nitriti, ambayo ukikosea kipimo unaweza kumdhuru mlaji. Nunueni kwao, tena bila aibu. Nguvu zenu ziwekeni kwenye vibakuli vidogo vinavyozunguka nyama: achari, haradali, vitunguu, jemu, lozi, biskuti za chumvi. Kwa bahati nzuri Kiswahili kina neno lake kwa vitu vya namna hii, vikorombwezo, na mimi kila nikilitamka naona kama limeumbwa kwa ajili ya ubao huu.

Hili nililijua kwa kuumbuka. Niliwahi kuandaa ubao kwa wageni 12, na jioni nzima niliimaliza nikikunja salami kwenye ukingo wa glasi ili zitoke kama waridi. Mnazijua, kila mtu anazitengeneza siku hizi. Zilipokwisha nikaona kitunguu kimoja chekundu kimebaki, nikakikatakata, nikakimwagia siki ya moto, nikakitia kwenye kibakuli bila kukifikiria. Wageni walipoondoka nikaenda kusafisha. Waridi zangu zilikuwa palepale, zimesinyaa. Kibakuli cha vitunguu kilikuwa kinang'aa, na mtu alikuwa amekifuta kwa kipande cha mkate. Nilikasirika kidogo, nakiri. Kisha nikakaa nikajiuliza sababu.

Sababu haina siri. Nyama iliyokaushwa ni chumvi na mafuta. Jibini nalo ni mafuta na chumvi. Tonge la kwanza ni tamu, la tatu bado zuri, likifika la sita ulimi umepakwa mafuta na hausikii tena tofauti ya hiki na kile. Kitu kichachu kinapita hapo kama maji kwenye sahani chafu, na tonge la saba linakuwa kama la kwanza. Kwa hiyo mtu anayetaka kutengeneza kikorombwezo kimoja tu nyumbani kwake, namwambia aanze na kichachu. Jemu ya tini itasubiri. Duka limejaa jemu nzuri, lakini vitunguu vya siki vya jana yake hakuna anayeviuza.

Basi sikilizeni vitunguu vyenyewe. Chukua kitunguu chekundu kikubwa, ukate vipande vyembamba kama karatasi, vitie kwenye chupa ya kioo. Sufuriani chemsha kikombe kimoja cha siki na kikombe kimoja cha maji, pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha sukari na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi. Vikishayeyuka, mimina juu ya vitunguu. Baada ya nusu saa vinalika, na kesho yake ni bora zaidi. Hukaa friji hata wiki mbili bila kuharibika, ikiwa havikuisha kwanza, na kwangu huisha. Tazameni pia rangi. Kitunguu kinachoitwa chekundu kwa kweli ni zambarau, lakini kikikutana na asidi rangi yake inageuka waridi kali linalong'aa. Hilo ndilo ua langu la ubao siku hizi, na linaliwa.

Kuna mambo machache ambayo watu hawayapati kwenye mapishi ya haraka. Siki iwe ya asilimia 5 ya asidi, isomeni kwenye lebo. Chombo kisiwe cha alumini wala shaba, maana asidi hula metali na achari inatoka na ladha ya sarafu. Chumvi ya mezani inafaa, ila zile dawa zinazozuia chumvi kushikamana zinaweza kuyatia maji weupe kama wa maziwa. Weupe huo haudhuru, unachusha macho tu. Na tango: kata kipande chembamba upande lilipokuwa ua, si upande wa kikonyo, kwa sababu upande wa ua umebaki na vimeng'enya vinavyolilainisha. Wengi wanaolalamika kuwa matango yao yamekuwa teketeke kosa lao limelala hapo.

Siku moja nilitia punje za kitunguu saumu kwenye achari, asubuhi nikazikuta za buluu. Buluu kabisa, kama wino wa shule. Nikamwaga chupa nzima nikanawa mikono mara mbili. Baadaye nikajifunza kuwa si sumu wala si uozo. Ni viungo vya salfa vilivyomo ndani ya kitunguu saumu, vikishatiwa asidi hukutana na vitu vingine vilivyomo humohumo na kutoa rangi. Unakula bila wasiwasi. Mnisamehe, bado naisikitikia ile chupa.

Baada ya kitunguu, jaribuni zabibu mbichi. Ndiyo, zabibu. Zikate katikati, zimwagie maji yaleyale ya siki, ongeza kipande cha mdalasini na punje chache za pilipili manga. Zinakuwa chachu na tamu kwa pamoja, na ukiweka moja juu ya jibini laini hutazungumza kwa muda.

Sasa nije kwenye onyo, na hapa naomba tuache mzaha. Ni la kitunguu saumu tena, lakini ndani ya mafuta. Watu hupenda kuloweka vitunguu saumu, majani ya rozimari au pilipili kwenye mafuta ya zeituni, wakaipanga chupa kwenye rafu ya jikoni miezi mitatu kwa sababu inapendeza. Msifanye hivyo. Kitunguu saumu hutoka ardhini, na ardhini mna bakteria wa botulizimu. Bakteria hao hawapendi oksijeni wala asidi. Mafuta hufunga hewa isiingie, na kitunguu saumu hakina uchachu wa kutosha, kwa hiyo umewajengea nyumba. Ukiiacha kwenye joto la chumba, hutoa sumu ambayo huwezi kuinusa wala kuiona. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa sababu ya kitunguu saumu kilichokatwa na kutiwa ndani ya mafuta. Kwa hiyo ukitengeneza, tengeneza kidogo, weka friji mara moja, kula ndani ya siku 4, kilichobaki mwaga. Siki imetulinda kwenye achari. Mafuta peke yake hayamlindi mtu. Zeituni zilizotiwa limau na mafuta na viungo, zipashe moto siku hiyohiyo na uzile siku hiyohiyo. Zikiwa vuguvugu ni tamu zaidi hata hivyo.

Turudi kwenye furaha. Vitunguu vya kupikwa polepole mpaka viwe kahawia, hivi navyo mapishi yanatudanganya. Utasoma "kaanga dakika 10 mpaka viive rangi ya karameli". Hakuna kitunguu duniani kilichowahi kufanya hivyo kwa dakika 10. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji, na mpaka maji hayo yatoke hakuna rangi itakayoingia. Hesabu dakika 45, hata saa nzima. Kilo moja ya vitunguu itajaza sufuria, utaogopa, na mwisho utabaki na kibakuli kimoja kidogo. Moto mdogo, mafuta kiasi, chumvi mwanzoni ili maji yatoke mapema. Ukoko ukianza kushika chini ya sufuria usiukwangue kwa hasira. Tia kijiko cha maji, uache uyeyuke, uukoroge urudi kwenye vitunguu. Rudia hivyo mara nne, tano. Ule ukoko ndio ladha yenyewe. Mwisho tia vijiko viwili vya siki nyeusi ya balsamiki na sukari kidogo. Kuna wanaotia magadi ili kuharakisha. Rangi huja upesi, lakini vitunguu vinakuwa uji. Mimi sitii.

Kwa jemu nitakuwa mfupi. Ya tini zilizokaushwa ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu haihitaji kugandishwa: gramu 250 za tini zilizokatwakatwa, maji kiasi hichohicho kwa mililita, ndimu moja, sukari vijiko viwili vya chakula, pilipili manga ya kusaga, moto mdogo dakika 20 hivi, kisha uponde kwa uma. Ya matunda mabichi ina kanuni zake. Inaganda sukari na pektini, yaani kigandishi kilichomo ndani ya tunda, na asidi zikipatana, na kipimajoto huonyesha nyuzi 104 hadi 105 za selsiasi kwa anayeishi usawa wa bahari. Anayeishi mlimani apunguze, maana maji yake huchemka mapema. Asiye na kipimajoto aweke kisosi kwenye friza, adondoshe tone la jemu juu yake, alisukume kwa kidole. Likikunjana kama ngozi, ondoa jikoni. Kwenye ubao jemu isiwe tamu tupu. Mnajua neno marmaledi limetoka kwa Wareno? Marmelo kwao ni tunda la kwinsi, gumu na kali kiasi kwamba bichi halitafuniki. Waliligeuza kuwa ubale mwekundu wa kukatwa kwa kisu, na mpaka leo Hispania na Ureno ubale huo huliwa na jibini. Ukali wa tunda ndio ulioufanya uelewane na chumvi. Ukitumia tunda laini lisilo na ukali, ongeza ndimu.

Jibini moja mnaweza kulitengeneza wenyewe bila muhuri wa mtu. Lita moja ya mtindi mzito usio na sukari, kijiko cha chai cha chumvi, mimina kwenye kitambaa safi juu ya chujio, weka bakuli chini, tia friji usiku na mchana. Asubuhi ya pili maji yametoka na kilichobaki kinapakika kama siagi. Tengeneza vidonge, viviringishe kwenye majani makavu ya nanaa au pilipili ya kusagwa. Watoto huja wa kwanza kwenye kibakuli hiki. Asali pia huwavuta, na hapo mnikumbuke: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kulamba kidoleni. Ni bakteria yuleyule niliyemtaja kwenye mafuta.

Lozi na korosho: onja moja kabla hujaanza. Njugu zilizokaa sana mafuta yake huchacha, na hakuna sukari itakayoficha. Piga ute wa yai moja mpaka utoe povu, changanya na gramu 400 za njugu, sukari nusu kikombe, chumvi, pilipili. Tandaza, oveni nyuzi 150, dakika 25, geuza katikati. Zikitoka zitakuwa laini na utadhani umeharibu. Ziache zipoe. Zinakuwa kavu zikipoa, hazikauki ndani ya oveni. Zipe kibakuli chake mbali na vingine, na uwaambie wageni kuwa ni njugu, kwa sababu kwa baadhi ya watu njugu si mchezo.

Biskuti za chumvi ndizo zinazowatisha watu, nami sielewi kwa nini, maana ni chapati iliyosahau kutia mafuta mengi. Gramu 200 za unga, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya zeituni, maji mililita 100 au pungufu kidogo. Kanda, lipumzishe donge dakika 20, ukiliharakisha litakuwa linajirudi kama mpira. Sukuma mpaka uone kivuli cha mkono wako upande wa pili, halafu uchome matobo kwa uma ili zisivimbe, nyunyiza ufuta, oveni nyuzi 200 na usi—

Ahsante, dada. Dakika 15. Nilikuwa nasema usiondoke mlangoni, zinaungua kufumba na kufumbua. Haya, tuje kwenye vibakuli.

Nani ana ujasiri? Kaka mwenye shati jeupe, karibu. Anza na cha kulia, cha maji ya moto. Unaonaje? Uchungu, siyo? Uchungu kidogo na unga-unga, basi. Sasa cha kushoto. Ncha ya kijiko tu. Kaka, nimesema ncha. Mleteeni mkate. Pole sana. Vuta pumzi kwa mdomo, usivute kwa pua. Itapita.

Unga mmoja, pakiti moja, siku moja. Tofauti ni joto la maji tu. Mbegu ya haradali ikiwa nzima haina ukali wala harufu. Ndani yake mna vitu viwili vilivyotengwa, kimoja kimeng'enya, cha pili ni kile kitakachogeuzwa kuwa ukali. Mdudu akitafuna mbegu, au wewe ukiisaga na kuitia maji, viwili hivyo vinakutana na moto unawaka. Ndiyo silaha ya mmea. Maji yanayochemka huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, unabaki na uchungu mtupu. Maji baridi hukiacha kifanye kazi mpaka kifike kileleni, na kileleni ndipo kaka yetu alipokutana nacho. Mbegu za kahawia na nyeusi hupanda puani. Za njano huchoma ulimi tu na ni za upole zaidi.

Ukali huu hauchelewi kupungua, ukiuacha hivi mpaka kesho utakuta umefifia. Ukitaka uudumu, unatia asidi. Wa Dijon, Ufaransa, walijulikana kwa kutumia maji ya zabibu ambazo hazijaiva. Siki inatosha. Ila isitiwe mwanzo, kwa kuwa inakizuia kimeng'enya, na utapata haradali ya kinyonge.

Ile ya punje nzima, inayopendeza zaidi kwenye ubao, ina njia yake ya polepole, na hapo siki huingia tangu mwanzo. Gramu 100 za mbegu, njano na kahawia nusu kwa nusu, zilowe kwa mililita 100 za maji baridi na 100 za siki, usiku mpaka usiku. Zitavimba zinywe karibu maji yote. Saga nusu yake, changanya na nusu nzima, tia kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chakula cha asali, fungia kwenye chupa, friji. Kisha usiionje kesho. Mimi ya kwanza niliionja kesho yake, ikawa chungu kama dawa, nikaitupa, nikarudi kununua ya dukani mwaka mzima. Haikuwa mbovu. Uchungu huo huondoka wenyewe baada ya siku tatu au nne, na wiki ya pili ndipo inapokuwa haradali.

Kwa hiyo kwa sherehe ya Jumamosi, haradali ya punje anza wiki mbili kabla, vitunguu vya kahawia Jumatano, mtindi na achari Alhamisi, biskuti Ijumaa usiku. Jumamosi unafungua chupa tu. Jibini litoe friji saa moja kabla, na ubao mzima usikae mezani zaidi ya saa mbili. Vya majimaji vikae kwenye vibakuli, mbali na biskuti. Na visizidi vitano. Kimoja kichachu, kimoja kikali, kimoja kitamu, kimoja cha kutafuna kwa kishindo, na cha tano unachokipenda wewe bila sababu.

Haya, natia siki sasa kwenye kibakuli cha kushoto, vijiko viwili, na chumvi. Nimeufunga moto ulipofika. Mikate iko ile meza ya pili, nyama na jibini vimekatwa. Kaka, wewe tangulia, lakini pitia kwanza kwenye vitunguu vile vya waridi.